Vitonge vya Kijani vya Bwana Shen

Mwanzoni mwa Aprili theluji ya Golden Valley, Marekani, huondoka kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi zilizokauka, na miti iliyo nje ya dirisha la jikoni ilionekana kama imechorwa kwa penseli kisha ikafutwa nusu. Kemunto aliitazama huku akifunga aproni, akahisi kwa kitambo kidogo kwamba yuko kwao Nyamira, Kenya, saa ile ukungu unapopanda kutoka kwenye mashamba ya chai.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo ameiishi Minnesota akiwahudumia wazee. Siku nne kwa wiki aliendesha gari kutoka Burnsville hadi nyumba hii ya Bibi Shen, mjane wa miaka themanini na minane, mzaliwa wa Ningbo nchini China. Alimwogesha, akampimia dawa, akamsomea barua. Alimwita Nyanya, na Bibi Shen, baada ya kuelezwa maana yake, alikubali kwa sharti kwamba asizungumze naye kama mtoto.

Siku hiyo ilikuwa Qingming, siku ambayo Wachina husafisha makaburi ya wazee wao na kuwapelekea chakula. Kwa miaka tisa tangu Bwana Shen afariki, mkewe alimpelekea vitonge vya unga wa mchele unaonata, vyenye maharagwe matamu ndani, na rangi ya kijani itokanayo na mmea mchungu uitwao ai. Mwaka huu mkono wake wa kulia ulikuwa umedhoofishwa na kiharusi, na duka la Saint Paul lililouza mmea huo lilikuwa limeishiwa.

"Basi tutie spinachi, Nyanya," Kemunto alikuwa amependekeza jana yake. "Rangi ni ile ile."

"Rangi! Mume wangu hakuwa akila rangi. Atauma mara moja tu, ajue nimezeeka hadi nimeshindwa na kitonge."

"Na tusipopeleka chochote?"

"Atadhani nimekufa. Ataanza kunitafuta huko aliko. Yule mtu hana subira, atasumbua watu."

Kemunto alicheka, lakini Bibi Shen hakucheka. Aliutazama mkono wake uliolala pajani kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau hapo.

Jioni ya jana hiyo, nyumbani kwake, Kemunto alifungua friza na kutoa pakiti moja ya chinsaga, mboga chungu ya Kisii aliyoipanda mwenyewe wakati wa kiangazi. Mumewe, Gilbert, mzee wa kanisa na dereva wa lori, alimwona.

"Hiyo unaipeleka wapi?"

"Kazini. Nyanya anahitaji mboga chungu ya vitonge vya mumewe."

"Ile ya mwisho? Kemunto! Mbegu zake alizileta mama yangu mwenyewe. Mpaka Julai nitakula nini?"

"Utakula kabichi, kama Wakristo wengine."

"Wakristo wengine hawapikii marehemu."

"Simpikii marehemu. Nampikia mke wake."

Gilbert alifunga mlango wa friza. "Basi nitawapeleka mimi," akasema. "Barabara ina barafu. Ukiendesha wewe, nyanya wa watu atafika kwa mumewe kabla ya wakati."

Hivyo ndivyo Kemunto alivyosimama jikoni asubuhi hiyo, akiichemsha chinsaga kwa magadi kidogo. Bibi Shen alisogeza kiti chake karibu.

"Nani alikufundisha kutia magadi?"

"Mama yangu. Bila magadi haiwi laini, na kijani chake hupotea."

"Mama yangu alisema hivyo hivyo," akajibu Bibi Shen, kisha akafumba macho.

Waliponda majani, wakayakanda pamoja na unga. Kemunto alifinyanga vitonge tisa. Bibi Shen, kwa mkono wa kushoto na ukaidi, alifunga vitatu. Mvuke ulipojaa jikoni, kuta zilififia, na wanawake hao wawili walibaki kama wameketi ndani ya wingu moja. Kitonge cha kwanza kilipopoa, Bibi Shen alikitafuna kwa muda mrefu.

"Si chenyewe," akasema hatimaye. "Lakini ni kichungu pale panapofaa."

Kemunto alitaka kuvifunga kwa taulo la moto. Akakatazwa: siku hiyo chakula huliwa kikiwa baridi.

Makaburini ukungu ulikuwa haujaondoka. Gilbert alisukuma kiti cha magurudumu, kisha akafagia majani yaliyolowa bila kusema neno. Kemunto alipiga magoti, akasugua jiwe. Upande mmoja palikuwa na jina la Bwana Shen kwa maandishi ya Kichina. Upande wa pili palikuwa na alama nyekundu kama kutu. Akazisugua kwa nguvu.

"Usinifute!" Bibi Shen akapiga kelele. "Huyo ni mimi!"

Kemunto aliachia brashi. Bibi Shen akaeleza kwamba jina la mwenzi aliye hai huchongwa mapema na kupakwa rangi nyekundu, ambayo huondolewa siku ile atakapomfuata mwenzake.

Vitonge vitatu vikawekwa juu ya jiwe. Bibi Shen alizungumza Kichina kwa sauti ya chini. Kisha akabadili lugha ili wenzake wasikie.

"Mikono ni ya Kemunto," akamwambia mumewe. "Mboga ni ya mama yake Gilbert. Mimi nimefunga vitatu tu, na viwili vimepasuka. Ndivyo nilivyo sasa. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Walingoja. Tone la theluji iliyoyeyuka lilianguka kutoka tawini, kisha jingine.

"Amesemaje?" Gilbert akauliza, akajishangaa kwa kuuliza.

"Amesema nisiharakishe."

Kwa kuwa desturi huwataka walio hai wale baada ya aliyetangulia, Bibi Shen alichukua kitonge kilichopasuka, akampa Gilbert. Mzee wa kanisa alimtazama mkewe, akatazama kile kitonge.

"Ni chinsaga yangu," akasema, akala.

Kemunto alichukua kitambaa kikavu, akapiga magoti tena, akalifuta maji lile jina jekundu, safari hii taratibu sana.