Sikio la Baba

Baba alikuwa fundi sauti, na sikio lake halikuwa na huruma. Bendi ya roki ya mtaani kwetu ilipotaka kutoa albamu, nusu nyimbo zilizorekodiwa jukwaani kwenye maonyesho ya miaka iliyopita, nusu za gitaa kavu lisilo la umeme, ilimletea kanda zote azikague. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba aliipokea kazi ile kama dawa.

Alisikiliza wiki nzima, penseli mkononi. Za gitaa kavu alizisifu, jambo ambalo kwake ni muujiza. Lakini kwenye wimbo wa sita, wa jukwaani, mwanamke mmoja katika umati alimtangulia mwimbaji kila kiitikio, tena kwa sauti ya kukwaruza. Baba akaandika: “Mama huyu anaharibu. Zimeni maiki ya umati.” Wakaizima, na kanda yenyewe wakaifuta kwa kurekodi mazoezi juu yake.

Albamu ilipotoka tuliisikiliza pamoja sebuleni. Mimi nilikuwa nausubiri wimbo wa sita tu. Ulipoisha, nikauliza, “Baba, mama mmempeleka wapi?”

“Mama yupi?”

“Mama yangu. Siku ile ya onyesho mimi na yeye tulisimama mbele kabisa, akaimba mpaka koo likakauka.”

Baba aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza tena akiwa ameinama. Kisha akasema polepole, “Sikujua kama mama yako alikuwa anaimba.”

“Aliimba kila siku, baba. Akisikia funguo zako mlangoni, ananyamaza.”