Mchi wa Tumpe

Pale mtaani Ilomba, Atuganile alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, angeweza kupandisha gunia la viazi kwenye guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, bila kumwita mwanaume. Ya pili, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mitano hakujua kutwanga. Kisamvu alinunua kilichokwisha twangwa, karanga alipeleka mashineni, na majirani walimcheka waziwazi: "Mama Eveline, siku umeme ukikatika wiki nzima si utakufa njaa!" Naye alicheka nao, kisha akaenda zake sokoni Uyole kuuza viazi. Waliodhani ni uvivu hawakumjua.

Ulikuwa mwiko. Katika ukoo wao hakikuingia kinu wala mchi, na watoto wakiuliza waliambiwa ndivyo tulivyo, basi. Atuganile naye alijibiwa hivyohivyo, hadi mwaka ule mama yake, Lea, alipolala kitandani asiinuke tena. Ndipo Lea alipowaita yeye na kaka yake Ezron, akawafunulia lililofichwa tangu enzi za mkoloni. Bibi yao, Tumpe, alimuua mumewe kwa mchi. Serikali ikamnyonga na kumzika hukohuko gerezani. Kwa watu ambao kwao kila mjukuu hubeba jina la mzee aliyetangulia, hakuna hata mtoto mmoja aliyepewa jina la Tumpe.

Ezron aliamuru habari ile izikwe pamoja na mama yao. Atuganile hakubisha, maana alikuwa na binti wa kuolewa siku moja. Nani angepeleka mwanawe kwenye ukoo uliomuua mume?

Siku hiyo ikafika. Eveline, muuguzi kwenye zahanati moja huko Kilolo, alichumbiwa na mwalimu wa Kihehe aitwaye Liberatus. Wazee wa Kilolo walikuja kuuliza ukoo, kama inavyostahili. Ezron akawajibu bila kupepesa macho kwamba wao ni watu safi, wala hawana historia. Kumbe historia haina adabu, haingoji kukaribishwa.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kufika kicheni pati, sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, Jumamosi asubuhi, mama yake Liberatus aliteremka kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Atuganile, ambako Ezron na Eveline walikuwa wamefika kupanga sherehe. Ni mwanamke mfupi, mnene, anayeitwa Mama Adrian kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nyuma yake alikuja Liberatus akitokwa na jasho, amekumbatia kinu kipya na mchi wake.

"Kamwene!" Mama Adrian aliwasalimu, akaketi kabla ya kukaribishwa. "Nimesikia mkwe wangu hajui kutwanga. Nikasema, nimletee shule yake. Hiki utamkabidhi wewe, Mama Eveline, siku ya kicheni pati. Kwetu mama akimpa binti mchi, anamtaja aliyemfundisha kutwanga, na aliyemfundisha huyo, mpaka afike kwa bibi."

Ezron ndiye aliyefungua kinywa, na heri angekifunga.

"Hicho hatupokei, mama. Sisi siku hizi tunatumia mashine."

"Hampokei?"

"Kirudi tu na gari."

Mama Adrian alimtazama, akakitazama kinu, akakaza kitenge chake kiunoni. "Nimekibeba kutoka Kilolo kwenye basi, nimekilipia na siti. Kwetu anayekataa kinu amekataa mji. Kama hamtutaki mngesema mapema, tusingechosha wazee. Liberatus, beba twende."

Liberatus aliinama taratibu, uso umemshuka. Mlangoni Eveline alisimama na trei ya chai, machozi yanamtiririka. Atuganile akajua hapo hapo kwamba kimya alichokitunza kwa ajili ya binti yake ndicho kinachomharibia.

"Kaa, dada yangu," akasema. "Kaa nikuambie kwa nini."

"Atuganile!" Ezron alimkemea.

"Kaka, niache."

Akaeleza yote. Tumpe alikuwa uani anatwanga mahindi. Lea, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amemwaga maziwa. Baba yake akamchapa kwa ukuni, mfupa wa bega ukavunjika, na bado hakuacha. Tumpe alimpiga mumewe mara moja. Kisha akampeleka mtoto kwa bibi yake, akaenda kwa chifu kwa miguu yake mwenyewe.

"Mahakamani wakamwuliza nani aliona. Angesema ukweli, mama yangu angeitwa, asimame mbele ya wanaume wale aseme jinsi baba yake alivyokufa. Bibi akajibu, mtoto alikuwa amelala. Hakimu akaona mwanamke aliyemuua mume bila sababu." Atuganile alijifuta uso kwa kiganja. "Mama alikuwa macho, dada yangu. Alikuwa macho maisha yake yote. Ndiyo maana kwetu hakuna mchi. Na kama hamtaki tena kuoa kwetu, nitaelewa."

Mama Adrian akaketi tena taratibu. Alipouliza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Lile bega la mtoto lilipona?"

"Lilipona, lakini lilipinda. Ndoo alibeba upande mmoja tu."

"Masikini." Akamgeukia Ezron, aliyekuwa amefunika uso kwa mikono. "Baba, bibi yenu alikosa, akaadhibiwa. Ninyi mnatumikia kifungo cha nani?" Kisha akamwambia mwanawe, "Weka kinu chini. Na wewe Eveline, acha kulia, lete karanga."

Mchana ule Ilomba ilipata sinema ya bure. Atuganile alikosa kinu mara tatu, karanga zikarukia hadi kwa kuku, na majirani walioegemea uzio walicheka mpaka wakakaa chini. Eveline alifuata, naye hakuwa na afadhali. Mama Adrian alifoka: "Usiuue mchi, uache udondoke wenyewe!" Kisha akashtuka kwa neno alilolitumia. Atuganile ndiye aliyeanza kucheka. Ilipofika jioni walikuwa wametwanga karanga za kutosha mboga ya siku moja, na viganja vimetoka malengelenge.

Siku ya kicheni pati ukumbi ulijaa. Mshereheshaji akampa Atuganile kipaza sauti, naye akasimama kando ya kinu akiwa na mchi mkononi.

"Mimi nimefundishwa kutwanga na Mama Adrian wa Kilolo," alianza, "wiki mbili zilizopita." Ukumbi ukaangua kicheko. Akangoja kitulie. "Mama yangu Lea hakufundishwa. Lakini bibi yangu alijua kutwanga. Jina lake ni Tumpe."

Mama Adrian akapiga kigelegele cha kwanza, na ukumbi mzima ukaitikia, hata wasiojua Tumpe ni nani. Atuganile alisimama akilia bila kujificha. Eveline alipiga magoti kama inavyotakiwa, akaupokea mchi kwa mikono miwili, kisha akamsogelea mama yake sikioni.

"Wa kwanza akiwa wa kike, mama," alinong'ona, "msihangaike kutafuta jina."