Kila Aliyezaliwa Ng'ambo

Kabla ya kuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Bukiriro, Desderius alikuwa frateri. Alisoma falsafa miaka miwili katika seminari kuu, kisha akarudi nyumbani na sanduku lake, akamwoa Anjelika, na watu wakamsema mpaka wakachoka. Kilatini alichotoka nacho kule kilimpotea kidogo kidogo. Mantiki haikumpotea. Alipenda kuona kauli mbili zikikaa pamoja na ya tatu ikizaliwa bila kulazimishwa. Watu wakibishana kwenye rubisi, pombe ya ndizi, yeye ndiye aliyeitwa kuamua, naye aliamua kwa raha kubwa.

Mwaka 1997 lilishuka agizo kwamba wakimbizi wote wanaoishi vijijini wapelekwe kambini. Tangu vita vya ng'ambo ya mpaka vianze walikuwa wameingia wengi, na wengine walikwisha kulima na kuoa. Kila kijiji kilitakiwa kutoa orodha. Mwenyekiti Gidioni akaunda kamati, na Desderius akapewa kalamu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri.

Siku ya kwanza ilipita kwa ubishi tu. Nani mkimbizi, nani mwenyeji?

"Mbona rahisi," alisema Gidioni. "Wakimbizi wote wanasema Kirundi. Mke wa Leonidas anasema Kirundi. Basi ni mkimbizi."

Desderius aliweka kalamu chini. "Mwenyekiti, mbuzi wote wanakula majani ya migomba. Ng'ombe wako anakula majani ya migomba. Je, ng'ombe wako ni mbuzi?"

Kamati ilicheka hadi mmoja akashika ubavu.

"Hoja hiyo ina umbo bovu," aliendelea Desderius, akijisikia kama amesimama tena mbele ya ubao. "Kirundi nakisema hata mimi. Ukitaka hoja ishike, anza hivi: kila aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka ni mkimbizi. Fulani alizaliwa ng'ambo. Basi fulani ni mkimbizi. Hapo hakuna pa kutokea. Ukikubali kauli mbili za mwanzo, ya tatu umekwisha kuikubali, utake usitake."

"Na watoto wao?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Ongezeni: kila mtoto wa mkimbizi ni mkimbizi."

Gidioni alimpigia makofi. Kuanzia hapo kazi ilikwenda mbio. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja tu. Nyumbani kwa Leonidas walimkuta mkewe, Ishimwe, akianika maharage.

"Ulizaliwa wapi, mama?"

"Ng'ambo," alijibu Ishimwe. "Kwa nini?"

Desderius aliandika. Hakumwambia kwa nini. Baada ya siku tatu lori lilikuja likamchukua Ishimwe na watoto wake wawili, pamoja na wengine waliokwisha kuandikwa. Leonidas alikuwa ameenda Nemba, Biharamulo, kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa kamba na maharage yametapakaa uani, kuku wakiyachakura.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mkutano wa kijiji uliitwa ili orodha isomwe mbele ya watu na waliosahauliwa waongezwe. Desderius alisimama, akaeleza kanuni yake kwa sauti ya darasani, akasoma majina thelathini na mawili. Alipomaliza aliuliza, kama utaratibu ulivyotaka, iwapo kuna aliyesahauliwa.

Mama yake akanyanyuka.

Bibi Speciosa alikuwa na zaidi ya miaka sitini, ameketi kwenye majani pamoja na wanawake wa jumuiya yake, rozari mkononi. Alinyanyuka taratibu, akajifunga kanga vizuri.

"Mwanangu," alisema, "andika na mimi."

Watu walidhani anatania. Desderius naye alitabasamu. "Mama, tafadhali keti."

"Nimezaliwa ng'ambo. Mama yangu alinibeba mgongoni mwaka wa njaa, tukavuka. Sijui hata kutambaa nilikuwa nimeanza. Nimekusikia vizuri, umesema kila aliyezaliwa ng'ambo. Mimi ni mmoja wao. Andika."

Tabasamu lilimgandia Desderius usoni. Alimtazama mama yake kama mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na neno hilo hakuwahi kulisikia. Mama yake aliyeimba nyimbo za Kihangaza, lugha ya wenyeji, shambani, aliyepiga kura kila uchaguzi, aliyemzaa palepale chini ya kilima kile!

"Hukuwahi kuniambia," alisema, na sauti yake haikufika mbali.

"Hukuwahi kuuliza. Na hakuna aliyewahi kunifanya nione kuwa ni jambo la kusema."

Ndipo mzee mmoja nyuma akaguna na kusema, "Kama ni hivyo, baba yangu naye." Mwanamke akasema, "Hata bibi yangu." Desderius aliwaona wakihesabiana kwa macho, na hofu ikipita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Kisha kauli ya pili ikamrudia, ile ya watoto. Alifikia hitimisho kabla hajataka kulifikia. Mama yangu ni mkimbizi. Kila mtoto wa mkimbizi ni mkimbizi. Basi mimi... Akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti bila kuombwa.

Gidioni alimwinamia sikioni. "Mwalimu, usihangaike. Mama ni wetu. Tumruke, tuendelee."

"Haiwezekani kumruka."

"Nani atajua?"

"Umbo la hoja ni zima, mwenyekiti. Nililitengeneza mwenyewe." Desderius alifuta jasho. "Nilichunga umbo tu. Sikuangalia kama niliyoyatia ndani ni kweli. Nimesema 'kila'. Neno hilo likikosea kwa mtu mmoja tu, limekosea."

Akasimama tena. Safari hii hakuwa na sauti ya darasani.

"Ndugu zangu, kama kauli yangu ni kweli, basi mama yangu ni mkimbizi. Mama yangu si mkimbizi. Kila mmoja hapa anajua hivyo. Basi kauli yangu si kweli. Haikuwa kweli tangu siku niliyoitamka."

Leonidas alikuwa amesimama pembeni, hajaketi tangu mkutano uanze. "Kwa hiyo mke wangu alichukuliwa kwa kauli isiyo ya kweli?"

"Ndiyo," alisema Desderius. "Kesho tutaenda kumfuata."

Kesho yake asubuhi wawili hao walienda kambini kwa miguu na kwa lifti ya lori la mahindi. Ofisini walimkuta karani aitwaye Fathiya, binti wa wafanyabiashara wa mjini, mwenye ushungi mweupe na mafaili hadi kidevuni. Aliitafuta orodha ya Bukiriro, akaitandaza mezani.

"Jina lake lipo. Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu," alisema Desderius.

"Na sasa unasema si mkimbizi?"

"Ameolewa kwetu miaka kumi na mitano. Alikuja kabla ya vita hivi vilivyowaleta hawa wa sasa. Hakukimbia kitu, alikuja kuolewa."

Fathiya aliweka kidole juu ya jina. "Haya yote uliyajua ulipokuwa unaandika?"

"Niliyajua."

Karani aliinamisha uso kwenye faili, na Desderius akaona ingekuwa afadhali angemtukana.

Ilitakiwa barua ya kijiji yenye muhuri. Gidioni aligoma kwa majuma mawili, akiogopa kuulizwa juu ya wengine wote walioandikwa. Akaja kukubali Bibi Speciosa alipopiga kambi barazani kwake, akisali rozari kwa sauti kila asubuhi na kudai aandikwe au Ishimwe arudishwe. Barua ilipofika, kambini napo ikazunguka meza kwa meza. Majuma saba yalipita tangu lori lije. Kwa wengine waliokuwemo kwenye orodha, Desderius aliandika barua tisa zaidi. Waliorudi ni wanne. Waliobaki hakujua walikoishia.

Ishimwe alirudi amekonda, mtoto mdogo akikohoa. Desderius alienda kumwomba radhi akiwa na Anjelika, wakasimama uani kama wageni.

"Mwalimu," alisema Ishimwe, "ulipokuja kuniandika hukuniuliza kitu."

"Nilikuuliza ulizaliwa wapi."

"Ndiyo. Hilo tu. Miaka kumi na mitano nachota maji kisima kimoja na mke wako, nawe ukaona linatosha."

Hakumfukuza, lakini hakumkaribisha kiti. Kwa miaka miwili, akienda kisimani, alipita njia ya juu, ndefu zaidi, ili asipite mbele ya nyumba ya mwalimu. Mwaka wa tatu, siku ya Pasaka, walikutana mlangoni mwa kanisa. Ishimwe alisimama, akamwamkia Bibi Speciosa shikamoo, kisha, baada ya kusita, akampa Desderius mkono. Mwalimu alishindwa kuuachia ule mkono, mpaka Leonidas akacheka na kumwambia mkewe amwonee huruma mwalimu, yametosha.