Gambuti Mlangoni mwa Kanisa

Sisi tuliokulia Kitengela kabla ya lami tunajuana kwa miguu. Mtu akiniambia alikuwa mtoto huko miaka ya tisini, namwuliza kwanza Jumapili alikuwa akiacha wapi gambuti zake, zile buti ndefu za mpira. Akinikodolea macho, najua alihamia juzi.

Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulikamata mguu ukakataa kuuachilia. Basi tulikwenda kanisani na gambuti, viatu vizuri vikiwa kwenye juala la plastiki kwapani. Kuna asubuhi tulisimama njiani kungoja nyumbu wa mbuga ya Nairobi wapite kwanza, Mama akiwa ameficha Biblia ndani ya sweta isilowe. Kanisa lilikuwa la mabati, na mvua ikikolea mhubiri alinyamaza, akangoja iishe ndipo aendelee. Lakini kabla ya hayo yote, pale mlangoni kila mtu aliinama: mwalimu, mfugaji, mwenye duka. Tulivua, tukajifuta miguu kwa kitambaa, tukavaa viatu. Mimi nilikuwa mtoto wa kulialia, nikiona tone la tope kwenye gauni naanza. Mama alitoka Bungoma na hakuwa na subira ya machozi. Kila Jumapili alisema lilelile: "Hiyo matope ni ya barabara, Nafula, si yako. Vua tuingie."

Shida ilikuwa wakati wa kutoka. Gambuti zaidi ya hamsini, zote nyeusi! Kuna watu walifika nyumbani na mbili za kushoto. Mama alizitia zangu tone la rangi nyekundu ya kucha. Naserian, binti wa majirani zetu Wamaasai, nyanya yake alizitoboa zake ukingoni akafunga ushanga wa buluu. Huyo Naserian ndiye niliyekaa naye Sunday school miaka yote. Alikuwa akiniletea maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na nikijibu salamu yake ya Kimaasai alicheka mpaka anashika mbavu. Siku moja, kwa mchezo tu, tulibadilishana gambuti moja moja. Kila mmoja akaenda nyumbani na moja nyekundu, moja ya ushanga. Tuligombezwa, tukarudishiana, na Jumapili iliyofuata tukafanya vilevile. Mwishowe mama zetu walichoka wakatuacha.

Tulikua, tukaingia kwaya. Tulipomaliza kidato cha nne na kufika miaka kumi na tisa, nilikuwa nimeshajua kwamba ninavyompenda Naserian si kama ninavyopenda marafiki wengine. Yeye pia alijua. Niliogopa sana. Nilimpenda Mungu kwa kweli, sikuwa nikiigiza, na nikipewa soprano peke yangu kifua kilinijaa mpaka machozi. Sikuelewa vipi kifua hichohicho kibebe mapenzi mawili, moja liitwe baraka na lingine laana. Nyumbani kwetu hakukuwa na simu, kwa hivyo tuliandikiana barua na kuzificha ndani ya gambuti, kule mbele kwenye vidole.

Jumapili moja ya Aprili, Mama Debora, mwenyekiti wa akina mama, alitoka mbio kuwahi harusi, akatumbukiza miguu kwenye gambuti zangu. Katikati ya njia kitu kikamkwaruza kidole. Alidhani ni mende. Ilikuwa barua inayoanza "Mpenzi wangu Nafula", na chini imetiwa jina la Naserian. Vijana wa leo wanatuma ujumbe kwa simu, unafika kwa mwenyewe kabla hajapepesa macho, na bado wanalalamika kuwa mapenzi ni magumu. Wetu ulifika kwenye kidole cha Mama Debora.

Wazee wa kanisa waliniita. Waliniwekea mikono kichwani wakaomba kwa sauti, kisha wakanitoa kwaya. Naserian alipelekwa kwa shangazi yake kule Illasit, karibu na mpaka wa Tanzania, kusaidia kuchuma nyanya shambani. Mama aliendelea kunipakulia ugali, nami sikujua kama amenisamehe au amekasirika kupita maneno. Nilianza kufunga kila Ijumaa, nikimsihi Mungu anibadilishe. Ijumaa zilipita, nikabaki vilevile, na njaa juu. Kilichonishangaza ni kwamba hata katika njaa hiyo Mungu hakuniondokea. Niliomba nikahisi nasikilizwa, kama nilipokuwa mtoto. Nikaanza kuwatilia shaka waliosema kwa niaba yake. Kanisani sikurudi, karibu miaka miwili. Jumapili nilifua nguo, Mama akienda peke yake.

Halafu siku moja ya mvua nikamkuta Mama mlangoni pa nyumba yetu na gambuti pea mbili, na juala lenye viatu vyake na vyangu.

"Twende," alisema.

"Mama, watu watasema."

"Wacha waseme. Mimi nimeomba miaka mbili, na Mungu hajaniambia nikuache nyumba." Akanisukumia gambuti. "Nilikuambia ukiwa mdogo. Matope ni ya barabara. Vaa."

Nililia njia nzima, na safari hii hakunikataza. Mlangoni tulimkuta Mama Debora ameinama akivua. Aliponiona, akasogeza gambuti zake kando. "Weka hapa karibu na zangu," akasema. "Mambo yako mimi bado sijaelewa, mwanangu. Lakini tangu utoke, hiyo soprano imeharibika kabisa." Kwaya haikunirudisha siku hiyo wala mwaka huo. Lakini niliingia, nikakaa, nikaimba nikiwa kwenye benchi.

Msimu uliofuata wa mvua ndefu, ibada ilipokwisha, nilitoka nikakuta gambuti yangu ya kulia haipo. Mahali pake palikuwa na nyingine, kuukuu, yenye ushanga wa buluu. Niliiinua, nikaanza kuivaa.

"Hizo zimechanganyika," Mama akasema.

"Hapana, Mama. Ziko sawa."

Aliutazama ushanga, akatazama kule kwenye tangi la maji alikosimama Naserian, mwembamba, amechomwa na jua la Illasit. "Mwambie aje anywe chai," akasema.

Siku hizi pale kuna lami, na uwanja wa kanisa umetandikwa mawe safi. Vijana wanashuka kwenye gari na raba nyeupe, Biblia iko ndani ya simu, na wanaingia moja kwa moja bila kuinama. Nyumbu tunawaona kwenye televisheni. Sitamani matope yarudi, lakini natamani ule mlango uliotuinamisha sote. Mimi na Naserian, mvua ikinyesha, bado tunatoka nyumbani tunakoishi pamoja na gambuti, kila mtu na moja ya mwenzake. Watoto wa majirani wanatucheka. Tunainama pale mlangoni peke yetu, na Mama, ambaye sasa anatembelea mkongojo, anasimama kutungoja tuvue ndipo tuingie.