Bati la Kopo Kwenye Valvu ya EGR

Injini ilizima katikati ya mlima wa Wanale, na kwa kitambo kukawa kimya kitamu, kama cha nyumba ambayo watu wamelala mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Siraji, dereva wa gereji yetu ya Mbale, alikanyaga breki, akakanyaga tena, akaniangalia. Pikapu ikaanza kurudi nyuma polepole, na simenti ya mteja nyuma. Hendibreki haikuishika. Naikumbuka migomba ikipita dirishani kinyumenyume, bila haraka yoyote. Siraji alikufa pale. Mimi niliamka na mguu huu.

Nyinyi mnaoingia gereji leo mnafundishwa na simu. Mimi nilitoka Buwenge na darasa la tano tu. Siku ya kwanza kazini, Jinja, nilisimama mbele ya injini iliyofunguliwa nikasahau hata kusalimu.

"We wa Buwenge," akasema fundi mkuu, Mzee Hamuza, "umekuja kufanya kazi au kuposa?"

Yeye ndiye aliyenifundisha EGR. Ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Moshi huo hauna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo moto wa silinda hupungua ukali, na sumu inayotoka nje hupungua pia. Gari likienda taratibu, valvu hufunguka. Ukikanyaga mafuta mlimani, lazima ifunge, injini ipate hewa safi.

"Mtu ukimfunika blanketi usoni atalala," alisema Mzee Hamuza. "Lakini usimwambie apande mlima."

Masizi yakijaa, valvu hukwama wazi: nguvu inapotea, moshi mweusi unatoka. Dawa yake ni kuifungua, kuikwangua, kuiloweka, kuirudisha na gasketi mpya. Nusu siku. Nilizipenda nusu siku zile. Masizi yanaondoka kidogo kidogo, chuma kinaanza kung'aa, unasahau njaa.

Nikahamishiwa tawi la Mbale, chini ya foreman Mugoya. Mugoya hakuwa na nusu siku. Afande mmoja mstaafu, mwenye duka huko mlimani, alileta pikapu yake imekosa nguvu.

"Ziba," Mugoya akasema, akanipa bati la kopo la mafuta ya kupikia, nilikate nilibane kwenye bomba la EGR, moshi usifike kwenye valvu.

"Foreman, si tutafute chuma kinene?"

"Chuma cha nini? Unajenga daraja?"

Nikalikata. Bolti nilizikaza mimi. Sifichi.

Pikapu ikaruka kama mpya, afande akacheka. Baada ya wiki tatu akarudi. "Bwana, sasa linakohoa." Nikamwambia Mugoya huenda bati limeungua, anipe nafasi nifungue.

"Pakieni simenti ya afande mpande nalo," akajibu. "Litafunguka kifua huko juu."

Tukapanda. "Linakohoa kama shemeji yako," Siraji akasema, na nyuma yetu moshi mweusi ukalala juu ya barabara. Kisha kile kimya.

Nilipoweza kutembea na magongo nilikwenda kwenye mabaki, nikafungua bomba. Bati lilikuwa limetoboka, na kipande chake kimejikunja kwenye mdomo wa valvu, kimeizuia isifunge. Injini ilikuwa inapanda mlima huku inavuta moshi wake yenyewe. Ilipozima, pampu inayosaidia breki ikazima nayo. Siraji alibaki na nguvu za mguu wake tu.

Nilimwonyesha Mugoya kile kipande. "Takataka hiyo, tupa," akasema. Kwenye kitabu cha gereji alikuwa ameshaandika: dereva alizembea.

Sasa niko nyumbani Buwenge, kazi imeniacha kabla ya uzee. Mchana, mvua ikikaribia, naiona migomba ile ikipita, na Siraji bado ananiangalia kama mtu anayetaka kuuliza saa.

Mama yake anaishi Nabuyonga. Majirani wanamwambia mwanawe aliendesha ovyo, kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Mimi nilikwenda, nikamweleza mkono wangu ulifanya nini. Alinimiminia chai. Foreman Mugoya, bado wewe. Nenda ukakae kwenye mkeka wake, umwambie kwa mdomo wako nani alisema zibeni, na nani alisema pandeni.