Maua ya Sista na Sweta la Mama Tekla

Mkasa huu nimeusimulia mara chache, na kila mara nimeupunguza kidogo ili nisionekane mjinga kiasi kile, lakini leo nitautoa kama ulivyokuwa, kwa sababu waliokuwapo pale nje ya kanisa la Mkumbi wengi bado wako hai na wananijua kwa sura.

Mimi ni mtu wa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, na miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuingia kwa marobota, nilipanda huku juu Mbinga na robota langu la kwanza la masweta (kwetu ni joto, sweta utamuuzia nani). Biashara ikakubali, nikapanga nyumba, nikampata Filomena, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa kijiji cha Matiri, na baba yake akasema kupitia mshenga wangu kwamba hana neno, ila kahawa ikishavunwa atakuja mwenyewe kuona huyo Mnyasa anaishi namna gani, ndipo aseme ndiyo au hapana. Nikaitazama nyumba yangu kwa macho ya mkwe. Mbele palikuwa na vumbi na kuku wa jirani.

Nikaamua kupanda maua. Watu wakanitahadharisha kwamba maua mengi ya mjini hayaiwezi baridi ya Mbinga, ikifika Juni yanaungua, ila yuko mama mmoja huko Mkumbi, Mama Tekla, mjane, ana maua usiyoyaona kwingine na baridi hayaiogopi. Nikamfuata mwezi wa nne. Kweli yalikuwa maua: kengele ndogo za buluu zimepandana kwenye bua linalonifika kifuani. Jina la Kiswahili hayana, wao huyaita maua ya sista, kwa kuwa sista mmoja mzee wa misheni ndiye aliyempa shina la kwanza, na tangu hapo yanajizalia mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya.

Tukapatana kwa sweta. Sweta moja zito la kahawia kwa mashina ishirini, nikavuta nyongeza ya manne, nikayahesabu, nikayahesabu tena, ishirini na manne. Mama Tekla akalivaa sweta lake papo hapo, kisha akaanza kunieleza.

“Sasa, mwanangu, haya maua baridi ikishaingia—”

“Mama, sisi tumeshapatana,” nikamkata, nikatia mashina kwenye kiroba nikaondoka. (Nilivyozoea mimi sokoni, muuzaji akianza maelezo baada ya kupatana, anatafuta njia ya kurudi kwenye bei.) Hata yeye ni wa ukoo gani sikumuuliza, na watu wa huku juu hilo ndilo huanza kuulizana kabla hata ya biashara.

Miezi miwili nilitamba nayo. Kisha ukungu ukashuka, ule wa asubuhi ambao hata mlango wa jirani huuoni, na maua yangu yakaanza kuwa ya njano, yakawa kahawia, yakalala chini, na ilipofika Julai pale mbele ya nyumba palibaki udongo mtupu na vijiti. Kwetu Mbaha mmea ukikauka hivyo unaupeleka jikoni. Nikahesabu vijiti: ishirini na vinne. Nikahesabu tena. Nikaona nimetapeliwa mchana kweupe, mimi, mtu ambaye wenzangu sokoni huniita nikawasaidie kubishana bei, na mkwe anakuja baada ya mavuno. Nikachukua jembe nikachimbua yote, nikayatia kwenye kiroba kilekile, na Jumapili nikawa nje ya kanisa la Mkumbi nangojea misa itoke.

Nilitaka watu waone. Hilo lazima nilikiri.

Mama Tekla alipotoka nikamwaga kiroba miguuni pake, bila hata shikamoo, nikasema kwa ile sauti ya sokoni: “Mama, sweta langu ni zima, maua yako yamekufa. Naomba sweta langu.”

Watu wakasimama. Akanitazama kwa utulivu.

“Umemaliza, mwanangu?”

“Nimemaliza.”

Akafungua vifungo, kimoja kimoja, akalivua sweta, akalikunja vizuri kama ninavyoyakunja mimi kwenye meza yangu, akanipa. Lilikuwa bado na joto lake. Kwenye baridi ile akabaki na kigauni cha kitenge, akainama, akaokota shina moja, akalipangusa udongo kwa kidole gumba na kuniletea karibu na pua. Kwenye mzizi palikuwa na vichipukizi vyekundu, vidogo, vimebanana kama meno ya mtoto.

“Yalikuwa yamelala,” akasema. “Hulala baridi yote, mvua ikija yanaamka. Ndicho nilichotaka kukwambia siku ile. Na sweta lako lina tundu kwapani, mimi sikukuja kulimwaga mlangoni kwako.”

Watu walicheka, na bwana mmoja nyuma yangu akasema, “Mnyasa huyo. Kazoea usipa, dagaa wa kwao, kitu kikishakauka anajua ni tayari kwa sufuria.”

Ningeweza kuondoka na cheko lile tu. Lakini siku hiyo kulikuwa na ubatizo, na jamaa za mtoto ndio walikuwa wanatoka, na katikati yao nikamwona Filomena, na kando yake mzee mrefu mwenye koti jeusi. Filomena akaja, akalichukua sweta mikononi mwangu bila kunitazama, akamvika Mama Tekla.

“Pole, shangazi,” akamwambia.

“Shikamoo, mzee,” nikasema kwa yule mwenye koti.

“Marahaba. Huyu ni dada yangu.” Akavielekezea fimbo vile vijiti. “Ulipanda mashina mangapi?”

“Ishirini na manne.”

“Na hapa umeleta?”

“Ishirini na manne, mzee.”

“Hata moja hukuliacha ukaona.”

Nikainama nikaanza kuyarudisha kwenye kiroba.

“Yarudishe ardhini,” akasema. “Yakichanua nitakuja. Yasipochanua, tusisumbuane.”

Niliyapanda siku ileile. Baada ya hapo ni kukaa. Nimebishana na watu wa kila namna, lakini udongo mtupu haukupi pa kushika, hauteremshi bei wala haupandishi, unapita hapo asubuhi na jioni hujui kama chini yake kuna ndoa au hakuna. Filomena nilikutana naye mara mbili tatu, akaniambia kwa upole kwamba kumngoja mtu hakumsumbui, kinachomtisha ni mtu asiyejua kungoja.

Mvua za Novemba zikaamsha mashina kumi na tisa. Yalipochanua, baba yake akaja na Mama Tekla, akatembea kando ya maua akihesabu kwa fimbo.

“Mengine?”

“Matano niliyakata kwa jembe, mzee, siku ile.”

“Angalau husemi yalikufa yenyewe,” akasema, akaingia ndani kunywa chai. Ndivyo nilivyopata ndiyo yangu.

Tangu hapo nimeapa kutochimbua kitu kwa hasira, na kiapo nimekishika. Ila Filomena, kila Julai pale mbele panapobaki patupu, hulichukua jembe letu akaliweka kwa jirani mpaka mvua, nami sijawahi kuliulizia.