Bakuli Mezani, Chungu Motoni

Leo simu yangu ilianza kulia kabla sijanywa chai. Ni zile sauti za kutumiana: mtu usiyemjua anamwambia mtu usiyemjua kwamba kesho, au labda leo, wageni wasionekane barabarani. Kila anayeipokea anaituma mbele, kana kwamba ikikaa kwake itamuunguza. Mume wangu aliisikiliza mara moja, akavaa viatu vyake vya kazi, akaenda Clairwood kuchukua lori lake kama siku zote. Mimi nilifungua duka langu la simu hapa Umbilo Road, nikalifunga kabla ya saa sita, nikapita kununua tofu, ile jibini ya soya ya Wachina. Utanicheka. Lakini ndugu yangu, mimi nikiogopa napika, na nikiogopa sana napika tofu ya kujaza.

Sikuzaliwa nayo. Sisi ni watu wa Uvira, watu wa fufu ya muhogo na sombe na samaki wa ziwani. Tofu niliijulia ghorofani, katika jengo letu la zamani lenye korido ndefu iliyonuka vitunguu na nguo mbichi. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mjane wa Kichina, na watoto wote wa korido tulimwita Bibi, maana bibi zetu wenyewe tulikuwa tumewaacha mbali. Alikuwa mdogo wa mwili, mkali wa macho. Alisema Kiingereza cha kukatakata na Kizulu cha sokoni, na kwa kukaa na mama akaokota Kiswahili chetu cha Kongo, mpaka siku moja nikamsikia akimfokea fundi wa umeme: “Apana, bwana, mita iko ndani!” Fundi alikuwa Mzulu, hakuelewa kitu. Sisi tulicheka mpaka tukakaa chini.

Jumamosi alitufungulia jiko lake. Tofu aliikata vipande vya pembetatu, na ilikuwa laini kama maziwa yaliyoganda, kwa hiyo tulikatazwa hata kupiga chafya karibu nayo. Kwa ncha ya kijiko alichimba kishimo katika kila kipande, akakijaza nyama ya nguruwe iliyosagwa, kitunguu cha majani na samaki wa chumvi. Samaki wake alipokwisha, mama alimletea makayabu yetu. Bibi alinusa, akafumba macho, akasema huyu samaki anamjua, na tangu siku hiyo hakutafuta mwingine. Kisha karai la mafuta, upande wenye nyama chini, na hapo ndipo penye kazi. Huruhusiwi kugusa. Ukigeuza kwa pupa, nyama inabaki chini na tofu inakuja juu tupu. Vikishaiva rangi ya kahawia, vilihamia kwenye chungu chenye mchuzi, moto mdogo, navyo vikachemka taratibu huku sisi tukimeza mate.

Alituambia kwamba watu wake wanaitwa Hakka, na kwamba majirani ndio waliowapa jina hilo, maana yake wageni. Zamani walihama kutoka kaskazini wakaenda kusini, wakakuta huko hakuna ngano ya kutengenezea vile vitobosha vyao vya kujaza nyama. Basi nyama wakaitia kwenye tofu. Mama aliitikia kwa kichwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa akisonga fufu kwa unga wa mahindi wa hapa, akiusifia mbele yetu na kuulaani akiwa peke yake.

Kitu kimoja kwenye nyumba ile kilinitia baridi. Kabla ya mtu yeyote kupakuliwa, Bibi alijaza bakuli moja la bluu, akaliweka mezani mbele ya kiti kitupu, akalaza vijiti juu yake. Hakuna aliyekula humo. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha, na mafuta yakaganda juu. Nilipomuuliza mama alinifinya paja. Baadaye aliniambia kwamba mumewe Bibi alitoka asubuhi moja kwenda kufungua duka lao Pinetown, na aliyerudishwa nyumbani alikuwa maiti. Hawakujulikana waliofanya.

Baba yangu, kama mume wangu leo, alikuwa dereva wa lori, kutoka Clairwood kupandisha mizigo bara. Mwaka mmoja maneno yalianza kidogo kidogo. Madereva wageni watashushwa. Lori la fulani limepigwa mawe. Mama alikuwa na msemo wake, na sijui alikuwa anatuonya au anajionya: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Baba alimjibu kwamba maneno hayavunji kioo. Alisema hivyo kila asubuhi akifunga kamba za viatu, na kila asubuhi nilimwamini kidogo kuliko jana yake.

Siku lisemwalo lilipokuja lenyewe, nililijua kwa masikio. Umbilo Road haikuwa na honi ya taksi hata moja. Saluni alikosukia mama ilikuwa imefungwa, geti la chini limetiwa mnyororo, na upande wa Clairwood moshi mweusi wa matairi ulisimama wima kwa sababu hapakuwa na upepo. Simu ya baba haikupatikana. Bibi alitutoa kwetu akatuingiza kwake, akamkabidhi mama kijiko. Hakusema pole wala usijali. Alisema tu: “Jaza.”

“Batoto, musikaribie dirisha,” mama alisema, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilikaribia. Mikono yake, iliyosuka vichwa siku nzima bila kukosea mstari, siku ile haikuweza kusubiri. Aligeuza tofu mapema, na nyama yote ikabaki imeshika karai. Nikamwona mama yangu analia juu ya tofu. Bibi alikwangua nyama ile, akaijaza upya kwa vidole, akairudisha motoni.

Chakula kilipoiva mama akafanya kile ambacho kila mama wa kwetu hufanya. Alichukua bakuli, akamtengea baba vipande vizuri, akafunika kwa sahani na kuliweka mezani. Sijawahi kumwona Bibi akiruka vile. Alilinyakua lile bakuli mpaka mchuzi ukammwagikia mkono.

“Apana! Bakuli ni ya mutu amekufa! Mutu anakuya, chakula yake inabaki ndani ya chungu, juu ya moto!”

“Lakini Bibi, nilikuwa namuwekea tu baba ya batoto…”

“Moto!” akasema Bibi. “Maji ikipunguka, ongeza maji.”

Akavimimina vile vipande ndani ya chungu. Tuliketi kukizunguka. Mama aliomba kwa Yesu kwa sauti, Bibi alikaza macho kwenye ule moto wa gesi, na mimi nilipewa kazi ya maji. Nje watu walipita wakiimba, sauti zikakaribia, zikasimama chini ya jengo letu. Geti lilitikiswa. Kisha zikaendelea mbele.

Jua lilikuwa linazama ndipo mlango ulipogongwa. Baba alisimama pale amevaa koti la mtu mwingine, ananuka tairi lililoungua. Mwenzake wa kazi, Mzulu, ndiye aliyemvalisha koti lile, akamwambia asifungue mdomo, akatembea naye mpaka kwetu. Baba alituangalia mmoja mmoja.

“Eish, mama,” alisema. “Chakula iko?”

Ilikuwepo, tena ya moto.

Baada ya hapo mambo yalivunjika upesi. Mtoto wa Bibi alikuja na gari kumchukua kwenda Johannesburg. Chungu alimwachia mama, lile bakuli la bluu akaondoka nalo amelipakata. Mama alimpigia simu Krismasi, akampigia Pasaka, mpaka siku moja aliyepokea ni yule mtoto wake, akasema Bibi amefariki. Jengo lile sasa lina rangi mpya na walinzi, na kwenye korido hakuna anayejua jirani yake anakula nini. Natamani kusikia tena mtu akifoka kwamba mita iko ndani. Namlilia Bibi yule kuliko nilivyowalilia wengi wa damu yangu. Ndiyo maana leo mezani kwangu kuna bakuli nililomtengea yeye, na vijiti juu.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Ujumbe niliomtumia mume wangu mchana bado una alama moja tu ya kijivu, haujamfikia. Honi za taksi zilipungua, kisha zikaacha. Chungu, kilekile cha Bibi, kiko motoni. Nilipogeuka binti yangu alikuwa ameshachukua bakuli kabatini, amechota vipande vizuri, anavifunika kwa sahani.

“Hii ni ya papa,” akasema.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Amelia sana, maskini, nami sijaweza kumweleza. Nimemkumbatia, nimevirudisha vyote chunguni, na mchuzi wake. Kisha nimempa kikombe, nikamwonyesha jinsi ya kuongeza maji.